Kipaza Sauti cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu, yule wa kazi za filamu, kaja. Mjomba, wanatafuta hadithi ya kuchekesha ya bendi ya mtaani, andika wewe, maneno unayo. Mimi niliyeachana na shule darasa la tano kwa kutoelewana na jedwali la saba! Nikakubali. Bendi yetu ni kichekesho tayari – wazee wanne, meno ya kugawana.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa tano. Mpiga ngoma anasinzia katikati ya wimbo, mikono inaendelea – nimeandika. Gitaa langu la nyuzi pungufu – nimeandika. Nikamsomea mpwa. Katabasamu kama mtu aliyeonjeshwa dawa. Mbona haina chumvi, mjomba?

Chumvi ninayo. Ndiyo ninayoiogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiandika. Ukurasa wa sita.

Shemeji yangu kinyozi, kaka wa mke wangu, ndiye mwimbaji wetu. Anaimba kama mlango unaodai mafuta. Nani amwambie? Bendi kaianzisha yeye, vyombo vinalala kwenye saluni yake. Basi mwaka wa pili huu, fundi umeme wetu anamzimia kipaza sauti kwenye spika kubwa, anamwachia ile ndogo ya miguuni tu, ajisikie mwenyewe. Mimi mwitikiaji, nimejibanza nyuma yake na kipaza changu, ndiye ninayeimba wimbo mzima. Maharusi wanashangilia. Yeye anainama, mkono kifuani.

Mpwa kacheka mpaka kakaa chini. Hiyo ndiyo filamu, mjomba. Ukiitoa, hakuna filamu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwisha. Nilimwambia mpwa achape nakala moja. Kachapa nne, kazipeleka saluni – si ni bendi yenu, mjomba, kila mtu apate yake. Majina nilibadilisha. Lakini yule mwimbaji nimemwacha kinyozi! Kichwa changu hiki kinafaa kubebea kofia tu.

Nikaenda mbio, kwa magoti haya. Shemeji ananyoa mteja, karatasi ziko chini ya kopo la poda.

– Shem, nimefika ukurasa wa tano. Mpiga ngoma umempatia kweli.

– Nipe kidogo nisahihishe.

– Haraka ya nini? Kaa, nikunyoe ndevu.

Nikakaa. Wembe shingoni. Sijawahi kunyolewa kwa upole namna ile. Nilipotoka, jasho mpaka kwenye soksi.

Jumapili, 9 Machi

Kila Jumapili shemeji anakula kwetu. Leo hakuja. Mke wangu kaniuliza kaka yake ana nini. Nikasema wateja wengi. Akaniangalia. Huyu mwanamke ananisoma bila miwani.

Mpwa kapiga simu – wakubwa zake wamependa. Hasa ukurasa wa sita.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi kayahamishia ukumbi wa harusi, shemeji. Sisi wanne na viti mia mbili vitupu. Kavaa suti ya harusi. Kamsalimia kila mtu, kauliza hali za nyumbani, ya karatasi hata neno. Kisha kanijia karibu, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka:

– Leo usiitikie, shem. Pumzisha koo. Umefanya kazi sana.

Nikaegemeza gitaa langu ukutani. Akaniambia nikae mstari wa mbele, nisikilize kama watu wengine. Ndipo nilipo. Daftari gotini, najifanya naandika mambo ya maana.

Kapanda jukwaani. Kashika kipaza sauti. Kanipa mgongo, anakohoa kidogo. Fundi umeme hajaambiwa lolote, kidole kiko kwenye swichi ya spika kubwa. Ananitazama mimi. Afungue au aache? Anauliza kwa nyusi.

Nimeishika kalamu kwa mikono miwili, nisije nikatoa ishara yoyote.

Shemeji kageuka. Hamwangalii fundi. Ananiangalia mimi, anavuta pumzi –