Pedali Yenye Ndala

Jumatatu, 4 Machi
Cherehani ya umeme ya Mama imeibwa dukani. Mlango mzima, kufuli zima! Basi wote wakamgeukia Dada Kifungo, msaidizi wa Mama, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa pili. Polisi wamemchukua. Dada Kifungo, ambaye akiokota sindano sakafuni anauliza ya nani! Nilisimama pale pale, nikameza maneno kama kawaida yangu. Inaniuma.

Jumanne, 5 Machi
Nimechimba mtandaoni tangu nitoke shule. Kwenye simu sina aibu. Nikatafuta kwa Kiswahili kwenye magrupu ya kuuza vitu — hola. Nikatafuta kwa Kiingereza — hii hapa! Ni yetu. Mpira wa pedali uliisha, Mama akabandika kipande cha ndala ya bluu. Nani mwingine ana pedali yenye ndala?

Muuzaji kajiita "Bosi wa Mitambo". Hajaweka sura. Ila picha ina dirisha, na nje ya dirisha kuna mnara wa simu nyuma ya paa la kijani. Nikafungua ramani ya setilaiti. Mtaani kwetu minara miwili tu, na wenye paa la kijani karibu ni mmoja. Nikavuta mstari kutoka mnara, juu ya paa, mpaka ng'ambo ya barabara. Kibanda cha mchonga funguo! Yule yule aliyetubadilishia kufuli mwezi jana. Kumbe alijichongea na wake.

Nimehifadhi picha zote.

Jumatano, 6 Machi
Yaani mimi! Nilikuwa nakuza picha, kidole kikateleza, nikalaiki tangazo. Kwa akaunti yangu — sura yangu, sare ya shule! Nikaondoa haraka, lakini wapi, taarifa imeshamfikia muuzaji. Ikabidi nimwambie Mama.

"We mtoto, hata chenji dukani unashindwa kuomba, leo unapeleleza wezi?" Huku anatafuta viatu.

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituoni. Nimemweleza afande, mama mmoja mwenye miwani, picha kwa picha. Akasema nipaze sauti, hapa si maktaba. Nikapaza. Vijana wake wawili wameshaondoka na pikipiki kwenda kibandani. Dada Kifungo yuko chumba cha pili, hajaambiwa kitu.

Meseji! Ni Bosi wa Mitambo. Anauliza kama naitaka mashine. Afande kasema nimcheleweshe, asije akaihamisha. Nikauliza mota inapiga kelele? Haipigi. Sindano ngapi? Moja.

Sasa kauliza: wewe si mtoto wa yule fundi cherehani?

Mama kashika kichwa. Afande kanyoosha mkono, anataka simu.

"Subiri kwanza, afande." Nimesema mimi, kwa sauti!

Nimemjibu: ndiye mimi, kaka. Ya Mama imeibwa, anatafuta nyingine. Utamsaidia?

Kaisoma. Anaandika…