Fundi Hupanda wa Kwanza

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko Tabora?

Nakuandikia nimekaa juu ya kreti ya soda hapa mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoegesha, nimejaa rangi ya bluu mpaka viwikoni, nasubiri samaki wangu, sato, aive. Mzee Magesa alinipa mtumbwi wake mpya niupake rangi. Ulipokauka, limebaki jina tu kuandikwa, akaniambia, "Kwetu hapa seremala na mpakaji rangi hupanda wa kwanza. Mkiogopa kazi yenu wenyewe, nani ataiamini?"

Mama, unanijua mimi na maji! Seremala alikuwa ameshakaa, ananicheka. Nikapanda. Wimbi likatupiga pale kwenye mawe makubwa, nikang'ang'ania ubao, lakini halikupenya hata tone.

Baada ya hapo sioni cha kunitisha. Januari napanda meli kwenda Bukoba, wenye maduka mapya wanataka niwachoree vibao vya majina. Pasaka nakuja na picha zangu za ziwa, nizitundike ukumbini parokiani, na wewe nitakuchora ukipenda usipende. Kiwandani walikotupunguza sirudi, hata waniite kwa tarumbeta.

Mungu akupe mwaka wenye afya na mvua ya kutosha mahindi yako.

Jina la mtumbwi mzee aliniachia nichague, nikaandika lako. Najua uliapa hutakanyaga ziwa maisha yako. Pole, Mama: tangu asubuhi SABINA yuko majini, anavua sangara.

Mwanao,
Elias