Baiskeli ya Bluu Hadi Kibuta

Kibaha

Dada Kidawa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Songea imepungua na kifua cha shemeji kimetulia. Huku bado nanunua fremu kuukuu za chuma za baiskeli za mbio, nazipaka rangi, nazifunga upya na kuziuza. Mikono ikikaa bure, nyumba inanishinda. Tangu tumzike Zawadi wetu, mke wangu Firdausi yuko kwao Kibuta.

Jumamosi nilitoka kuijaribu ya bluu, nikasema nafika Kisarawe mjini tu na kurudi. Nikajikuta uani kwa wakwe zangu. Firdausi alikuwa anachambua mchicha.

"Na hii umeshaipatia mteja?" aliuliza.

"Bado."

"Ukimaliza moja unaanza nyingine, Latifu. Mwanetu namlilia peke yangu."

Nikakaa chini, nikachambua mchicha pamoja naye, halafu nikasema, "Sasa hivi angekuwa ameanza kutembea." Tukalia wote wawili, na mama mkwe akatuacha.

Firdausi anarudi nyumbani Ijumaa. Ukipiga simu, dada, usiogope kumtaja Zawadi. Tunataka kulisikia jina lake.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Latifu