Siku ya Vigingi

Kikwajuni, Jumapili

Kaka Kheir,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti la shemeji limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Binti yangu Ulfat ameanza kufundisha. Simu ninayo, ila kwenye simu utanikatia kabla sijamaliza.

Alkhamisi gazeti lilinituma Mji Mkongwe kwenye mhadhara wa viongozi wa dini. Padri mmoja alieleza kitabu kifupi cha Nabii Obadia, katika maandiko ya Kiyahudi. Wageni walipoivamia Jerusalem na kugawana mji kwa kura, wana wa Esau, ndugu yake Nabii Yakub aliye babu wa watu wa mji ule, walisimama pembeni wakitazama. Kisha wakakaa njia panda, wakawakamata waliokimbia na kuwakabidhi kwa adui. Padri alisema Nabii Obadia hakuhangaika sana na wavamizi. Karibu maneno yake yote yaliwaendea ndugu. Niliandika hilo daftarini, nikafunika kalamu. Mhariri bado anaisubiri habari yake.

Unaikumbuka siku ya vigingi. Kampuni ya hoteli ya wageni ilikuja kupima shamba la marehemu baba, ukaving'oa vigingi vilivyopita katikati ya minazi yetu, polisi wakaitwa, ukakimbia. Mimi nilikuwepo kuandika habari. Meneja wao aliniuliza kama ni mwenyeji wa pale. Nikamjibu kwamba natoka mjini.

Walikukamata kwa shangazi, ukalala ndani siku tisa. Ukaamua kwamba aliyekutaja ni jirani yako Ubwa, maana asiye wa nyumbani aliyeujua mlango wa uani ni yeye peke yake. Tangu hapo huitikii salamu yake. Na wiki iliyopita mwanao Junaid alinipigia simu kunieleza kwamba umeivunja posa yake kwa Bashira, binti wa Ubwa, na hutaki hata kuulizwa.

Si Ubwa, kaka. Ni mimi. Askari aliniuliza kama nimemwona aliyeng'oa vigingi. Nikamwambia, "Kaingia nyumba ile ya mabati mekundu. Pitieni uani." Hakunitisha wala hakunipa kitu. Nilichotaka ni asijue kwamba mtu huyo ni ndugu yangu.

Jana nilikwenda kwa Ubwa kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuona, Munir. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Ningemwambia Kheir, angebaki hana ndugu." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Shamba limekwenda. Posa bado inaweza kurudi. Nakuomba uende kwa Ubwa kabla hujanijibu mimi, na usiponijibu kabisa, sitakulaumu.

Nisalimie shemeji na shangazi. Junaid msomee barua hii yote, usiruke mahali.

Mdogo wako,
Munir