Dari Iliyokuwa ya Kahawa

Kaisho, Agosti 1954

Mwanangu Mutalemwa,

Marahaba. Naitikia mapema, maana najua kabla hujafika mstari wa pili umekwisha kunisalimu kwa adabu yako ile. Hujambo lakini? Kifua chako bado kinabana wakati wa baridi? Na mwenzako Komujuni, hajambo na mzigo aliobeba? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila magoti. Ng'ombe amezaa ndama dume. Kuku wamepungua, kicheche hana haya. Usiucheke mwandiko wangu, ni ule ule wa mafundisho ya komunyo, sikuongeza darasa.

Habari zako nilizipata kwa Kaijage, yule mchuuzi wa samaki wakavu anayevuka mto pale Murongo kuja huko kwenu. Alisema mnatamani mtoto azaliwe huku nyumbani, lakini wewe unasita. Eti ulimwuliza utamlaza wapi mke mwenye mimba, na nyumba ya marehemu baba yako ina chumba kimoja tu cha kulala, nami nimo. Mwanangu, hilo sikulikubali. Nyumba nzima ya bati, mtu mmoja ndani, halafu mwana akose pa kulala?

Basi nikatazama juu, nikaiona ile dari tuliyokuwa tukiwekea kahawa. Nikahamishia magunia kwenye kibanda, nikamwita Leonadi fundi, nikamwambia anigeuzie dari iwe chumba cha mtu, maana mwanangu anakuja na mke wake.

Leonadi maneno yake ni mengi kuliko misumari, unamjua. Alizigonga nguzo zote kwa nyundo, akasema mbili zimeliwa na mchwa, na kwamba gunia la kahawa hulala kimya lakini watu hugeuka. Tukaweka za mushambya, mti ambao mchwa hauwezi upesi. Alipomaliza kupigilia mbao za sakafu akamwita jirani yetu Anatolia, na mwili wake ule, akamwomba apande arukeruke. Anatolia alimjibu kwamba kiuno kikivunjika, Leonadi atamwoa na kumbeba mgongoni kwenda kanisani kila Jumapili. Akaruka hata hivyo. Mbao hazikulia. Nilicheka siku hiyo, nikajishangaa, maana mlio wa kicheko changu nilikuwa nimeusahau.

Sasa bati. Mchana linawaka kama chungu, na mvua ikinyesha husikii hata sala yako. Mimi nilitaka kujaza nyasi kavu chini yake. Leonadi alikataa kabisa, akasema nyasi na koroboi havikai nyumba moja. Akafunga matete, mimi na Anatolia tukayakandika udongo na samadi ya ng'ombe. Jua likikaza sasa, kule kuna ubaridi mzuri. Ametoboa madirisha mawili yanayotazamana, hewa ipite, na moja ni kubwa, mtu aweza kutokea hapo moto ukizuka. Ngazi ya nje iko chini yake siku zote, nimekataza watu kuiazima. Meko nimeyahamisha, napika kibandani, maana moshi wote ulikuwa ukipanda huko. Koroboi inaning'inia kwa waya, mbali na ukuta. Makaa hayapandi juu, hata baridi iwe kali namna gani. Blanketi ndilo moto wa kule.

Ile ngazi ya zamani iliyosimama kama mnazi wa kukwea tumeitoa. Ya sasa imelala, vipandio vyake ni vipana na vifupi, na pande zote mbili kuna mti wa kushika. Tundu la kupandia limezungushiwa fito, mtu akiamka na usingizi wake asitumbukie. Kitanda kiko pembeni, pale paa lilipoinama, ili katikati mtu asimame wima. Nikatandika mkeka mpya. Nikasema, kazi imekwisha, na waje.

Ndipo baba yako mdogo Rwegoshora alipokuja kuona. Alipanda, akasifu, akashuka, akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akafuta machozi. Aliniuliza ni wapi nilikoona mwanamume akilala juu ya kichwa cha mama yake, tena na mkewe. Alisema utafika, utatazama juu, kisha utamchukua mwenzako mkalale kwenye migomba. Mwanangu, hamu ya kukuona ilinisahaulisha jambo ambalo kila mtu wa kwetu anazaliwa akilijua.

Sasa nikwambie nililokuficha tangu mwanzo wa barua hii. Darini nimehamia mimi. Ni mwezi sasa, na hapa ndipo ninapoandikia. Vile vipandio vifupi Leonadi alivikata upya kwa kimo ambacho magoti yangu yanakiweza. Chumba cha chini ni chenu. Nimekipaka udongo mweupe, kitanda cha baba yako kimo, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Najua utabisha, utasema mama mzee hawezi kupanda. Ndiyo maana nimekueleza kila nguzo na kila fito, usipate pa kubishia.

Na usidhani ninajitesa kwa ajili yenu. Chumba kile cha chini kilikuwa kimenishinda. Tangu baba yako afe nilikuwa nikikohoa makusudi, ili ndani kuwe na sauti. Huku juu angalau dirisha linaona njia inayotoka Murongo. Nikiona mtu na mzigo kichwani namfuata kwa macho mpaka apite.

Jambo moja limebaki. Leonadi ameziba nyufa zote za sakafu isipokuwa mmoja, karibu na kichwa cha kitanda changu. Nimemkataza. Si wa kuchungulia, Komujuni asione haya. Udongo wa kuuziba nimeuweka tayari kwenye kibuyu, mtauziba wenyewe siku mtakayotaka. Ila niacheni kwanza nimsikie mtoto akilia.

Anatolia anawasalimu. Rwegoshora naye, bado anacheka. Mwambie Komujuni asibebe vitu vizito njiani.

Ni mimi mama yako,
Edvina