Neno Moja Langoni

Tsaramandroso, Mahajanga

Mama yangu, kwezi.

Najua ile "mbona" yako ya kuniitikia salamu yetu haitakuja, lakini mkono wangu umezoea kuanza hivi na sitaki kuuzoesha vingine. Nimeketi kizingitini, mdogo amelala mapajani. Ndiyo, Mama, yupo mdogo. Hukumwona. Tumempa jina lako, na kama wewe, hukunja uso kabla hajacheka.

Leo nimefua bila sabuni. Sabuni imeadimika mjini, mafuta vilevile, na mchele tunaupangia foleni. Nikafikicha majani ya mpapai kama tulivyokuwa tukifanya Nosy Be, likatoka lile povu jembamba la kijani, nikakukumbuka ghafla hata nguo za mtoto nikaziacha ndani ya karai. Unazikumbuka nguo zako za kazi? Hakuna jani wala sabuni iliyoweza kuitoa ile harufu ya langilangi. Ulikuwa ukirudi kutoka pale wanapopika mafuta ya maua, na ule msindanu, liwa yetu ya msandali, umekauka usoni na kupasukapasuka. Nami nakimbia kukupokea, nazamisha pua kwenye shiromani yako, ile nguo ya kujitanda. "Niache nikae kwanza," ulikuwa ukisema. "Wewe unamnusa mama au unanusa chupa?"

Halafu kila sikukuu, wageni wakishakula, lazima mtu aseme, "Tupe ile hadithi ya langoni." Nawe unajifanya hutaki.

Mimi naijua kama nilikuwapo. Ulikuwa mke mgeni, umetoka Ngazidja juzijuzi, Kimalagasi hukijui. Baba kaumia mguu, na chungu kimefunikwa kitupu. Jirani akakufundisha neno moja tu: asa, yaani kazi. "Nenda langoni kwa wapika mafuta ukaliseme, watakuelewa." Ukalirudiarudia njia nzima lisije likakudondoka. Bawabu alikuwa anamenya muhogo. Ukamwuliza, "Asa?" Naye, bila kuinua uso, akakujibu, "Asa."

Jirani hakukwambia kwamba Mmalagasi akilisema neno hilohilo huku amebetua midomo, maana yake ni sijui. Wewe ulisikia kwamba kazi ipo. Ukakaza shiromani kiunoni, ukampita bawabu, ukaenda kuketi kati ya wanawake waliokuwa wakichambua maua, ukaanza kutoa yaliyo mabichi kama ulivyowaona wenzako wakitoa. Jua lilipofika utosini mnyapara akaona mikono imezidi. Akauliza huyu kaajiriwa na nani. Mmoja akakutafsiria, nawe ukamnyooshea kidole bawabu: "Na yeye! Nimemwuliza, kanijibu." Bawabu akaapa kwa wazee wake wote waliozikwa kwamba yeye hakukuajiri. Wanawake wakacheka mpaka maua yakamwagika, na mnyapara, akiwa bado anajifuta machozi, akasema basi, mwacheni arudi kesho.

Ukarudi kesho. Ukarudi mpaka mimi nikazaliwa na kukua, na mtaa mzima ukakuita Mama Asa.

Nimekutajia hayo kwa sababu ya Saidi, mkwe wako. Ulipofariki alikuwa bado anashona magunia kiwandani. Baadaye vipuri vya mashine vikawa haviji. Mashine moja ikanyamaza, zikafuata nyingine, mwisho lango likatiwa mnyororo. Wakaambiwa, "Subirini, mtaitwa." Mama, hawajaitwa.

Mwanzoni alitoka kila asubuhi. Alikwenda bandarini, akaenda hadi Boanamary, akasimama kwenye kila lango lililokuwa na bawabu. Jibu lilikuwa lile lako: asa. Ila yeye Kimalagasi anakijua vizuri, masikio yake hayawezi kukosea. Ikafika siku hakutoka. Akaacha ndevu. Ijumaa akawa haendi msikitini, kwa sababu watu wetu wa Ngazidja waliobaki hapa ni wachache kuliko uliowajua, na wote wangemwuliza swali moja. Akiniona najifunga leso kwenda kuuza mokari, vile vitumbua vyetu vya mchele na nazi ambavyo siku hizi natia muhogo mwingi kuliko mchele, anageukia ukutani.

Mimi nilikuwa nikifikiri kukosa kazi ni kukosa chakula. Sikujua kwamba mtu anakosa hata mahali pa kuweka mikono yake. Saidi alikuwa akiipakata, kisha anaikalia, kisha anaitazama kama kaazimwa. Njaa naijua, tulilelewa nayo wewe na mimi, najua pa kuishika. Nilichoogopa ni ule ukimya. Niliona mume wangu anatuondokea huku ameketi palepale kwenye mkeka, nami sijui nimshike wapi.

Siku moja nikamsihi hata akakubali kwenda kuuliza kwenye banda la kumenya kamba wa baharini. Akaenda. Aliporudi, Zaina alikuwa mlangoni. Zaina wako, yule uliyemwacha anatambaa, sasa anasema kuliko redio.

"Baba, asa?"

"Asa, mwanangu," akajibu, akaingia ndani kujilaza.

Mtoto akatoka mbio. Sikumtilia maanani. Kumbe kaenda bombani, kwenye foleni ya maji, kuwatangazia wanawake kwamba baba yake kapata kazi! Punde nikasikia vigelegele. Jirani yangu Mama Hadija anaingia na sahani ya ndizi, nyuma yake wenzake.

"Bwana Saidi! Hongera! Na wewe mke mwema, unatuficha? Unaogopa tutakuomba mchele?"

Saidi akatokeza mlangoni, shati halina vifungo. "Hongera ya nini?"

"Ya kazi, baba. Mtoto katuambia."

Akamtazama Zaina. Mtoto naye akajitetea, "Si umesema asa? Nimekuuliza, umenijibu."

Hapo nikacheka. Sikupenda, kicheko kilinitoka tu, nikacheka hata nikaketi chini. Saidi akaniambia polepole, "Unanicheka, mke wangu?"

"Wallahi sikucheki wewe. Namcheka Mama."

Nikamsimulia. Yeye hakupata kuketi kwenye sikukuu zako Nosy Be, alikuwa hajaisikia kamwe. Uliniachia mimi, na mimi tangu ufe sikuweza kuitoa mdomoni. Nikaisimulia kama wewe, na midomo nikaibetua. Nilipofika bawabu anaapa kwa wazee wake, Mama Hadija alikuwa anapiga mapaja, sahani kaiweka chini. Saidi alikuwa kainamisha kichwa. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Labda alikuwa analia. Lakini alipoinua uso alisema, "Yaani huyu mtoto ni wa bibi yake mpaka kwenye masikio," akamvuta Zaina kwake.

Asubuhi yake alinyoa. Akaniuliza, "Shazia yangu umeiweka wapi?" Ilikuwa imechomekwa darini, ile sindano kubwa ya magunia, imeshika kutu kidogo. Akaisugua kwa mchanga. Akaenda gatini, inapofunga feri ya Katsepy, mahali magunia ya makaa yanaposhushwa yamechanika na makaa yanamwagika njia nzima. Akamwuliza mwenye makaa, "Asa?" naye bila kugeuka akamjibu, "Asa." Akaketi kando ya rundo, akaanza kushona.

Mwenye makaa ni mama mmoja wa Kisakalava, sauti yake inavuka maji bila feri. Akamsimamia kichwani. "We! Nani kakuweka hapo?"

"Wewe, mama. Nimekuuliza asa, umesema asa."

"Nilimaanisha sijui!"

"Mimi nimesikia ile nyingine."

Akamtazama, akatazama mshono. "Mwongo mkubwa. Haya, shona na hili."

Jioni alirudi na makaa kwenye pembe ya gunia na samaki mkavu. Makaa yaleyale ndiyo niliyochomea mokari kesho yake.

Sitaki nikupambie, Mama. Hiyo si kazi ya kusema fulani kaajiriwa. Kuna siku bahari inachafuka na feri haivuki. Kuna siku magunia yote ni mazima, anarudi mikono mitupu, na ule ukimya nauona unamchungulia tena. Mnyororo wa kiwanda bado upo. Foleni ya mchele nilikuwamo jana. Lakini Ijumaa aliniomba kanzu. Walipomwuliza pale msikitini, aliwajibu, "Nashona," wakampa mkono. Na mikono yake sasa ndiyo iliyombembeleza huyu mdogo akalala, hata mimi nikapata nafasi ya kukuandikia.

Nikijaliwa, langilangi zikichanua nitawaleta watoto Nosy Be waje wakupalilie kaburi. Zaina atakusimulia mwenyewe, usimkatize.

Jana Saidi alipoingia, binti yake alimkimbilia kama kawaida. "Baba, asa?"

Akamnyanyua juu, vumbi la makaa likambaki mtoto mashavuni kama msindanu mweusi.

"Asa!" akamjibu, wakacheka wote wawili.

Sikumwuliza kasema asa ipi. Nikainuka, nikainjika maji.

Pumzika, Mama Asa wangu. Kwezi tena.

Ni mimi binti yako, mama wa huyu mwenye jina lako