Hodi Chini ya Ngazi

Kikambala

Kwa mamangu mpenzi,

Nakushika miguu, mama. Barua yako imenifikia kwa mkono wa utingo wa basi, imekunjikakunjika na inanuka papa, lakini kila neno linasomeka. Nimefurahi kusikia goti limepoa na umeanza tena kusali kwa kusimama. Mimi ni mzima, nala, nalala, na mbu wa huku tumezoeana. Kwa kuwa najua anayekusomea ni mdogo wangu Bakari, namwomba asome yote, hata panapomuuma.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nilianguka kwenye paa. Si kweli. Aliyeanguka ni Charo, mwenzangu wa kuezeka. Habari zikifika huko kwetu Faza huwa zimeshabadilishwa jina njiani. La pili ni kama umruhusu Bakari aje afanye kazi nami. Hilo nitalijibu, lakini kwanza nikueleze ilivyokuwa.

Hoteli tunayoijenga ina ukumbi mmoja mkubwa wa makuti, paa lake limeipita minazi kwa urefu. Tunasimama juu ya majukwaa ya boriti zilizofungwa kwa kamba, na wanawake wanatupandishia makuti kutoka chini. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha kucha. Charo alikanyaga boriti ya pembeni, kamba ikaachia, akaenda nayo. Alivunjika paja. Mimi nilikuwa upande wa pili wa paa, nikasikia kishindo kisha mayowe. Mama, niliogopa sana. Charo sasa yuko kwao, mfupa unaunga, nasi twapokezana kwenda kumtazama.

Jioni ile tulimzunguka Fundi Karisa, mkuu wetu, kila mtu na lake. Ndipo ikajulikana kuwa zaidi ya mmoja walikuwa wameiona ile kamba imelegea tangu asubuhi. Mmoja wao ni Kadzo, mama wa Kigiriama anayebeba makuti.

"Mbona hukusema?" Fundi akamuuliza.

"Ningesema huyu ataanguka, naye akaanguka, mngesema ni nani aliyemchuria?"

Na alisema kweli. Hata wewe, mama, nilipokuwa mdogo nikasema mashua ya baba itazama, ulinizaba kofi la mdomo. Tumelelewa hivyo, baya halitajwi. Msimamizi wa kazi, kijana wa bara mwenye haraka zake, akatwambia ajali haina kinga, kesho turudi kazini. Fundi Karisa akamjibu kwa upole, "Haina, bwana, lakini kamba ilifungwa na mtu."

Kesho yake hakuna aliyetaka kutangulia kupanda. Tulisimama chini ya ngazi twatazamana, kama wageni wa harusi wanaongoja nani aanze kutia mkono kwenye sinia. Kadzo akacheka, akasema, "Basi pigeni hodi. Huenda wenyewe wamelala." Fundi akapiga hodi kweli. Kadzo akazunguka, akavuta kamba moja moja, akatikisa boriti, ndipo akasema, "Karibu."

Ulikuwa mzaha, lakini umeota mizizi. Siku hizi hapandi mtu bila hodi, na yeyote aliye karibu, awe fundi au mchota maji, hukagua kwanza ndipo ajibu. Akiona kasoro husema "bado," basi, wala halazimiki kutaja nani ataanguka. Neno hilo halina uchuro. Hata msimamizi alipotaka kupanda kupima, alipigishwa hodi. Alinuna, lakini alipiga.

Usidhani tumekuwa malaika. Juzi mwenye hoteli alikuwa anakuja kutazama kazi, nasi tuko nyuma. Nikapiga hodi huku mguu mmoja uko kwenye ngazi tayari. Kadzo akasema, "Bado, kaka." Nikamwambia afanye upesi. "Bado." Nilikasirika, mama. Jua lawaka, watu wananitazama, nami nimesimamishwa kama mtoto aliyechelewa chuo cha Kurani. Alisema boriti ya juu imelia alipoitikisa. Fundi akapandisha watu kwa ngazi ya upande wa pili, mafundo yakafunguliwa, yakakaguliwa, yakafungwa upya. Hapakuwa na kitu. Kamba nzima, boriti nzima.

Msimamizi akatukaripia kwa kupoteza wakati, na mimi nilikuwa na maneno yangu ulimini. Lakini Fundi alimgeukia Kadzo mbele yetu sote, akamwambia, "Ahsante. Na kesho ukiisikia tena, sema tena." Nikayameza yangu. Tungemcheka siku ile, asingefungua kinywa tena, na siku ya kamba mbovu tungeitikiwa karibu tukapanda.

Nisalimie shangazi Zuhura, ubani wake nimeununua na utakuja na mtu wa kuaminika. Nisalimie babu, na mwalimu wetu wa chuoni, na jirani yetu mshona kofia, mwambie ile aliyonishonea imechakaa kwa jasho la halali.

Jibu lako nimeliacha mwisho makusudi, ili Bakari asikimbie na barua kabla hajaimaliza. Nguvu anazo, na urefu haumtishi, utoto wake wote ameumaliza juu ya minazi ya watu. Hayo hayanipi shaka. Shaka yangu ni kwamba umemlea vizuri. Umemfundisha asinipinge mimi kaka yake, seuze mbele za watu, na Mungu akulipe kwa hilo. Lakini huku yeye atasimama chini ya ngazi, na mimi nitapiga hodi nikiwa na haraka na hasira. Mwulize, uso kwa uso, kama ataweza kuniambia bado. Nikimkemea, aseme tena. Ikionekana alikosea na watu wakamcheka, kesho yake aseme tena.

Akiweza, mpe radhi zako aje, nitampokea kwenye kivuko cha Kilifi, na moyo wangu utafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Asipoweza, mzuie, hata akilia. Sitaki siku moja nikuandikie habari zake, mama, wala sitaki yeye akuandikie zangu.

Ni mimi mwanao, ninayekuombea afya,
Athmani